Kijitabu cha mia tatu, na kikombe kisichojulikana

Kabla ya kukifungua nilikipima kwa futi yangu ya kazi, maana tabia ya fundi cherehani haiachiki: inchi 8 na robo kwa inchi 6 kasoro. Ni karatasi ya fotokopi iliyokunjwa katikati, kurasa 64, pini mbili za stepla mgongoni na jalada la manila ya kijani. Mapishi 41, picha hakuna hata moja. Jina la mtunzi pia hakuna, kwa sababu kimekusanywa na akina mama wa chama kimoja, kila mmoja akatoa mapishi yake mawili matatu, kisha wakaenda kukipigisha chapa kwenye vichochoro vya River Road, Nairobi. Bei yake ni shilingi 300.

Kilinifikia kibandani. Bi mkubwa mmoja alileta dera lipunguzwe mikono, na nilipokuwa natafuta uzi wa rangi yake akatoa vijitabu vitatu mkobani akaviweka juu ya cherehani.

"Chukua kimoja, baba. Mkeo atakuombea dua."

"Mpishi wa nyumba ni mimi, bi mkubwa."

Akanitazama, akaitazama cherehani, akanitazama tena. "Basi chukua viwili."

Nilichukua kimoja. Hiyo ni miezi saba iliyopita, na tangu siku hiyo nimepika mapishi 19 kati ya yale 41, mengine mara moja tu, mengine mpaka karatasi imekuwa ngumu kwa mafuta. Kwa hiyo ninayosema hapa nimeyala.

Mke wangu ni nesi, na zamu zake za usiku hazipungui kumi kwa mwezi. Siku hizo anatoka saa kumi jioni, kabla foleni ya Jogoo Road haijakaza, na mimi nafunga kibanda kule upande wa Gikomba nikimbilie Umoja kwa watoto watatu wenye njaa za aina tatu. Kifungua mimba yuko gredi ya 9 na anataka chakula "chenye maana". Wa kati hali kitunguu akishakiona, asipokiona anakila. Kitinda mimba ana miaka 5, huyo angekula tambi za sukari asubuhi, mchana na jioni mpaka Siku ya Kiyama. Tuna jiko la gesi la mafiga mawili na jiko la makaa linalokaa roshani. Oveni hatuna.

Mimi nimekulia Majengo ya Pumwani, ambako alfajiri pua ndiyo inayotangulia kuamka. Harufu ya iliki na mafuta ya moto ilikuwa inaingia ndani kabla ya mwanga. Lakini jikoni kwa mama mvulana alikuwa anatumwa sokoni, anatumwa makaa, anatumwa kurudisha sinia ya watu, hafundishwi kukanda. Ulimi wangu ukajua kila kitu, mkono wangu ukabaki mjinga. Mtu wa namna hiyo ndiye hasa anayehitaji kijitabu cha mia tatu.

Sasa tuanze na ugomvi.

Kila pishi humu ndani linapima kwa kikombe, na hakuna mahali panaposema ni kikombe kipi. Kwangu kuna kikombe kikubwa cha bati ninachonywea chai ya asubuhi, kuna vya udongo vya wageni, na kuna kile kidogo cha kahawa chungu nilichopewa na mama. Mteja akija kwangu akasema "nishonee suruali ya kiuno cha kawaida" namfukuza kwa heshima. Mara ya kwanza nilipopika mahamri ya ukurasa wa 9 nilitumia kikombe cha bati. Yakatoka kama vipande vya soli. Wa kati alipiga moja juu ya meza, likalia.

Nikampigia simu bi mkubwa.

"Shikamoo, bi mkubwa. Hiki kikombe cha mahamri ni kikombe gani?"

"Marahaba, baba. Cha chai."

"Cha chai kipi?"

"Hiki hiki tunachonywea."

Jibu nililipata mwenyewe, kwenye ukurasa wa 30, katika pishi la vileja. Hapo mama mmoja, Mungu ambariki, ameandika vikombe vinne vya unga "yaani nusu kilo". Ni sentensi moja tu katika kijitabu kizima inayofunga kikombe na mizani. Nikaenda kwa jirani mwenye duka, nikapimiwa unga nusu kilo, nikaugawa mafungu manne, nikaanza kujaribu vyombo. Chombo kilichokaribia kujaa ni kile kikopo cha plastiki cha majarini ya gramu 250. Tangu siku hiyo kikopo hicho kimeoshwa, kimeandikwa KIKOMBE kwa wino wa kuwekea alama nguo, na ole wake anayekitumia kuchotea maji. Ukinunua kijitabu hiki, jambo la kwanza tafuta kikopo. Utaniokolea unga wa watu.

Kwa kikopo hicho, mahamri ya ukurasa wa 9 yanastahili zile mia tatu peke yake. Vikopo vinne vya unga mweupe, nusu kikopo cha sukari, kijiko kimoja cha chai cha hamira, iliki kumi zilizotwangwa na maganda yakatupwa, chumvi ya kubana kwa vidole, na tui zito la vuguvugu kikopo kimoja na tone. Nazi nanunua Marikiti, na nazitikisa sikioni kama mama alivyokuwa akifanya: ikilia maji ni nzima, ikinyamaza imekauka au imechacha. Mbuzi ya kukunia ninayo, ile ya kukaliwa, niliitoa Majengo. Watoto wa Umoja wanaoingia kwangu hudhani ni kiti cha mtoto.

Hapo pa kukanda ndipo mwenye pishi alipoonyesha kuwa anajua kazi. Hajasema ukande dakika kumi au kumi na tano. Amesema kanda mpaka unga uache kukushika, uvute kipande kwa vidole viwili, kikikatika bado, kikinyooka kama mpira tosha. Nimewahi kufika hapo kwa dakika kumi na mbili, na siku nyingine nikiwa nimechoka ikachukua ishirini. Kisha funika, acha uumuke. Nilikinunua kijitabu mwezi wa Julai, na Julai ya Nairobi mnaijua. Unga uliokaa saa mbili mezani ulikuwa umelala vilevile kama maiti. Nikaufunga kwa leso, nikauweka karibu na jiko la makaa linalozimika, ukaamka baada ya saa nyingine moja na nusu. Siku hizi naukanda usiku saa nne, naulaza, alfajiri nauchoma.

Unasukuma duara la unene wa robo inchi (hili nalipima, samahani), unakata manne, unayaacha yapumzike tena kama dakika kumi na tano. Mafuta yakipata, unalitia moja pembeni. Linazama, linasita, linapanda. Hapo hapo chukua upawa ulimwagie mafuta ya moto mgongoni, taratibu, na utaliona linavyofura kutoka pembe moja kwenda nyingine mpaka linasimama kama mto. Usipolimwagia linabaki bapa na tumbo lake linajaa mafuta. Kitinda mimba huvuta kigoda akae mbali pale mlangoni atazame tu hilo la kufura. Mimi pia, kusema kweli, sijachoka kulitazama.

Upande wa pili wa karatasi hiyo hiyo kuna mbaazi za nazi, na nadhani ni mkono wa mama yule yule. Mbaazi zilale majini usiku kucha, zichemshwe bila chumvi, na zitakuwa tayari ukibonyeza moja kati ya kidole gumba na cha shahada ikipondeka bila ubishi. Kisha kitunguu, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, bizari ya manjano kidogo, tui jepesi liive nazo, na tui zito liingie mwisho huku unakoroga bila kuacha, usije ukalikata. Likitokota mara ya kwanza, zima. Mahamri na mbaazi hizi Jumapili asubuhi, mke wangu akirudi kazini macho mekundu, nimeona mtu akila matano amesimama kabla hajavua viatu.

Kwa hiyo nilipogeuza karatasi kadhaa nikafika maharagwe ya nazi, ukurasa wa 14, nilikuwa nimeshaamini kila neno. Hapo ndipo nilipoliwa.

Ukurasa wa 14 unasema maharagwe yaliyolowekwa yachemshwe dakika 45 pamoja na nyanya na chumvi, kisha yatiwe tui. Basi. Hakuna kubonyeza, hakuna kunusa. Nilibandika saa kumi na mbili jioni. Saa moja kasorobo nikaonja, ni mawe. Saa moja na nusu, mawe. Saa mbili na robo kitinda mimba alikuwa amelala kwenye kochi na kijiko mkononi, na wale wawili nimewakaangia mayai kwa mkate. Maharagwe yaliiva karibu saa nne, yakaliwa na mtu mmoja, ambaye ni mimi, kwa hasira.

Aliyenifumbua macho ni kifungua mimba. Aliniuliza mwenye pishi anaishi wapi. Nikamwambia wengi wao ni watu wa pwani, mapishi wamekuja nayo kutoka Mombasa na Malindi. Akacheka. "Baba, maji ya Mombasa yakichemka yana moto kuliko ya kwetu." Nikadhani ananitania. Akachukua daftari la sayansi: Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa huku juu inakandamiza maji kidogo, kwa hiyo yanachemka mapema, kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100 za pwani. Yanatoa povu, yanaruka, yanatisha, lakini moto wake ndio huo. Ukiongeza gesi unamaliza mtungi tu, maji hayapandi zaidi ya hapo. Kumbe sufuria yangu ilikuwa inapiga kelele za bure kwa karibu saa nne.

Nusu ya pili ya kosa aliisema mama kwa simu.

"Nani alikwambia utie nyanya kabla maharagwe hayajaiva?"

"Kitabu, mama."

"Hicho kitabu kimezaliwa lini?"

Na yuko sawa. Uchachu wa nyanya unalikaza ganda la haragwe, likitangulia kuonja nyanya linagoma kulainika. Akina mama wa zamani hawakulisoma hilo popote, waliliona sufuriani. Sasa mimi nayalaza maharagwe usiku, namwaga yale maji, natia mapya na kuyachemsha kwa fujo dakika kumi za kwanza. Hili la fujo usiliruke, hasa kwa maharagwe mekundu: mabichi yana sumu inayokoroga tumbo, na moto wa polepole peke yake hauimalizi. Kisha nayaacha yatokote saa moja na nusu, au nayatia kwenye sufuria ya presha, ambayo inalirudisha lile kandamizo tulilonyimwa na mlima, na dakika 25 zinatosha. Kitunguu, saumu na nyanya vinakaangwa pembeni mpaka mafuta yajitenge, ndipo vinakutana na maharagwe yaliyokwisha kuwa laini. Pembeni mwa ukurasa wa 14 nimeandika haya yote kwa kalamu nyekundu, na juu yake nimeandika DAKIKA NI ZA PWANI.

Baada ya hapo nilianza kukisoma kijitabu kama ninavyosoma nguo iliyoshonwa na mafundi watatu. Nikiikagua tu pindo najua nani kashona wapi. Kuna mama wa dalili na kuna mama wa dakika. Mama wa dalili anakwambia kitunguu kiwe rangi ya ganda la karanga, wali utoboe vitundu juu ndipo ufunike, shira ivute uzi kati ya vidole. Huyo ukipika naye Umoja, Mombasa au Nyahururu hakupotezi. Mama wa dakika anakupa namba na kukutakia heri. Kwa hesabu yangu wa dalili ni kama theluthi moja ya kijitabu. Halafu kuna wa tatu, mama wa "kiasi": chumvi kiasi, maji kiasi, sukari kiasi. Kifungua mimba alikaa Jumamosi moja akahesabu, neno "kiasi" limetokea mara 58. Mama yangu nilipomwambia hakuona tatizo. "Ulitaka aseme nini?"

Wali wa nazi ni wa mama wa dalili, na nimeupika mara nyingi kuliko kitu kingine chochote humo. Nyongeza yangu ni moja: ukitumia mchele wa pishori wa Mwea, uliza kama ni mpya au wa zamani. Mpya una maji yake ndani, ukiupa tui lote lililoandikwa unapata bokoboko. Wa zamani unakunywa. Mimi hupunguza robo kikopo kwa mpya, kisha nafunika, nateremsha moto mpaka uwe wa kunong'ona, na kupalia makaa machache juu ya kifuniko. Ukoko wake hupigwa kura.

Sasa keki. Ukurasa wa 37, keki ya ndizi ya sufuria. Nilikuwa na hamu nayo kuliko zote, kwa sababu kwetu ndizi zinazoanza kuwa nyeusi hazikosekani na oveni haipo. Njia yenyewe ni ile inayojulikana: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, kifuniko kizito, moto mpaka mchanga upate joto, kisha sufuria ndogo yenye keki inakalishwa juu ya mchanga. Ndizi tatu za kupondwa, mayai mawili, majarini gramu 100, sukari robo tatu ya kikopo, unga vikopo viwili. Na beking pauda vijiko vitatu VIKUBWA.

Mimi nafuata vipimo. Nikatia vitatu vikubwa.

Dakika ya kumi na tano nilifungua kidogo kuchungulia, nikaikuta keki imepanda mpaka imegusa kifuniko. Tukashangilia. Dakika ya ishirini na tano kifuniko kilikuwa kimeinuka. Dakika ya thelathini na tano tulisikia kitu kama mtu anayeshusha pumzi, na tulipofunua, katikati pamezama shimo la kutosha kuweka bakuli. Ladha yake ilikuwa ya sabuni ya kipande. Wa kati, ambaye hata makapi ya mkate anakula, aliirudisha.

Hapa makosa yalikuwa mawili juu ya moja, na hii ndiyo shida ya kuchapisha bila mtu wa pili kusoma. Aliyetaipu aliandika kijiko kikubwa mahali pa kijiko cha chai, na vijiko vitatu vya chai vyenyewe ni vingi. Tena kuna huo mlima wetu: hewa ikiwa nyepesi ile gesi ya beking pauda inatanuka haraka, keki inapanda kabla ya kuta zake kushika, kisha haina cha kuegemea. Nimeijaribu mara nne tangu siku hiyo. Kinachokubali kwangu ni kijiko kimoja na nusu cha chai, maziwa vijiko vitatu vikubwa vya ziada, sukari pungufu kidogo, na mchanga uliopata moto vizuri kabla keki haijaingia, ili ishike mapema. Usifunue kabla ya nusu saa. Ukipenyeza kisu kikatoka kikavu, itoe, iache ipoe humo humo kwenye sufuria yake. Inatoka na ukingo wa kahawia na katikati laini, inanukia ndizi mpaka kwa jirani wa chini. Ni pishi zuri lililoandikwa vibaya, na mwenye haraka atalichukia bure.

Vitamu vingine havina vituko. Tambi za sukari, ukurasa wa 41, ni dakika ishirini tangu kufungua pakiti mpaka kulamba kijiko: unazivunja, unazikaanga kwa samli huku unageuza mpaka zipate rangi (hapa usiondoke hata kujibu simu, zinaungua kwa kufumba na kufumbua), unatia maji kidogo na tui, sukari, iliki, zabibu kavu, unafunika mpaka zikauke. Zabibu nazichukua Eastleigh, ni nono na bei ni afadhali. Kitinda mimba huzila baridi kesho yake, kwa mkono, akidhani hatumwoni. Kaimati za ukurasa wa 43 nazo ni salama, ingawa mwandishi amesahau kukwambia kuwa shira iwe ya vuguvugu na kaimati za moto. Vyote vikiwa vya moto zinalowa zinakuwa sponji. Nimezipika mara kadhaa, na meza yetu haikukosa mgeni.

Githeri ya nazi, ukurasa wa 22, nilimpelekea jirani yangu, mama wa Murang'a, kwa hadhari kama mtu anayepeleka posa. Alicheka jina lake kwanza. Githeri na nazi wapi na wapi. Bakuli lilirudi likiwa limeoshwa, na ujumbe kwamba nikipika tena nisimsahau.

Chapati za ukurasa wa 11 usizifuate, zina mafuta machache na zinakauka kabla hujamaliza kusukuma ya mwisho. Ndengu sawa. Sukuma wiki mtu hahitaji kitabu. Mchuzi wa samaki wa nazi sijaugusa, kwa sababu samaki ninaowapata Gikomba wengi ni wa ziwa na pishi linataka changu wa baharini, na sitaki kulaumu pishi kwa kosa la samaki. Pizza ya kikaango, ukurasa wa 58, imetoka wapi sijui, lakini watoto waliila kimya, na kimya kwetu ni nadra.

Kuhusu kijitabu chenyewe kama kitu: karatasi ni nyepesi, wino wa fotokopi unahamia kwenye kidole chenye maji, na kurasa za 33 na 34 kwenye nakala yangu zimechapwa zikiwa zimepinda mpaka mstari wa mwisho wa kila pishi umekatwa. Wali wa samaki unamalizika kwa "kisha uta". Orodha ya mapishi mwanzoni haipo, unatafuta kwa kupekua. Pini za stepla zilianza kutu baada ya miezi mitatu. Nilizing'oa nikakishona mgongo kwa uzi wa viatu, mishono mitano, na kikawa na nguvu kuliko kilivyouzwa.

Nakala yangu ilikuwa imejaa kalamu nyekundu, maji ya nazi, namba za vikopo na tarehe za makosa, hadi mwezi uliopita bi mkubwa alipopita kuchukua gauni la binti yake. Akakiona juu ya rafu. Akakifungua, akasoma ukurasa wa 14, akasoma wa 37, akakaa kimya kidogo.

"Baba, sisi tunataka kukichapa mara ya pili. Niazime hiki, siku mbili tu."

Wiki ya tano hii. Juzi niliposhindwa kukumbuka ile robo kikopo ya mchele mpya, nilimtuma kifungua mimba aende akakiulizie. Alirudi na kijitabu kingine kipya, kisafi, kikombe chake bado hakijulikani, na bila ile mia tatu niliyomwachia ya mkate.